Kapitali ya Pokeri ni Mbegu: Hesabu Niliyojifunza Nikiwa Nimechelewa



Wengi wenu munanijua kwa jina la Agro, yule anayewachosha kila mara na habari za mbolea na magonjwa ya muhogo. Leo muhogo upumzike. Nataka tuzungumze juu ya pokeri, na zaidi sana juu ya franga ambayo mutu analeta ku meza. Najua vijana wengi kati yetu wanacheza, wengine mu simu, wengine siku ya posho usiku mu chumba cha rafiki. Sikuje kuhukumu mutu. Mimi mwenyewe nilicheza karibu miaka miwili. Nakuja kueleza hesabu moja ambayo ningeijua mapema, wamama 12 wa kwetu wangepanda mahindi yao kwa wakati.

Usiku wenyewe

Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa tisa, hapa Bukavu. Mama yangu yuko katika likelemba ya wamama huko Walungu. Kwa kuwa mimi njo enjenyere wao, walikusanya dola 140 wakanipatia, niwanunulie mbegu za mahindi na za maharagi kwa musimu A. Watu wa kwetu wanajua: musimu A unaanza pale mvua ya mwezi wa tisa inashika. Ukichelewa, unabaki kuomba tu.

Siku ya posho tulikuwa watu sita mu chumba. Kiingilio kilikuwa dola 20. Mimi nilikuwa na dola 40 zangu, malipo ya kupimia watu mashamba. Zile 140 za wamama zilikuwa mu bahasha, mu mufuko wa ndani wa koti. Juu ya nini sikuziacha nyumbani? Niliogopa wezi. Kumbe mwizi njo alikuwa amevaa lile koti.

Karibu saa tano ya usiku nilipewa Asi mbili. Katika Texas Hold'em, hakuna mwanzo unaopita ule. Mwenzangu mumoja akaweka franga yake yote, na mimi nikaweka yote. Akafungua: Wafalme wawili. Karata ya mwisho ikaleta Mfalme wa tatu. Dola 20 zikaenda. Nikaingia tena na 20 zilizobaki, nazo zikaisha polepole. Kiisha nikajiambia: "Nilicheza vizuri, ni bahati tu ilikataa. Sasa lazima irudi." Nikafungua bahasha.

Saa nane ya usiku, mu bahasha mulibaki dola 60.

Sasa musikilize vizuri, kwa sababu hapa watu wengi wanajidanganya. Katika ile karata ya Asi sikukosea. Franga ikiwekwa yote mbele ya karata za katikati kufunguliwa, Asi mbili zinashinda Wafalme wawili karibu mara 82 kwa 100. Lakini mara 18 kwa 100 zinapoteza, ni kusema mara moja kwa tano ao sita. Mukulima mwenye akili, akiwa na shamba linaloharibika musimu mumoja kwa sita, halikimbii shamba lile, ni shamba zuri. Ila haweki mbegu yake yote ndani ya musimu mumoja. Mimi niliweka yote, kiisha nikakopa mbegu ya watu bila kuwauliza.

Kapitali ya muchezo ni nini?

Wachezaji wa kazi wanatenga franga ya muchezo mbali na franga nyingine zote. Tuiite kapitali ya muchezo. Haiko franga yote unayo mu mufuko. Haiko ya nyumba, haiko minerval ya mudogo wako, haiko ile unashikia mutu mwingine.

Angalia ku kijiji. Mavuno yakiingia, mama anagawa: hii ya kula, hii ya kuuza, hii ya mbegu. Hata njaa ikipiga, ya mbegu haiguswi ovyo, kwa sababu anayekula mbegu amekula mwaka ujao. Kapitali ya pokeri iko vile vile, lakini na tofauti moja kubwa: hii ni mbegu ambayo unakubali mbele kwamba inaweza kufa yote. Ikiwa kufa kwake kutaleta kilio nyumbani, haikuwa kapitali. Ilikuwa chakula.

Ni mambo mawili basi. La kwanza, kutenga. La pili, kuweka ku meza moja sehemu ndogo tu ya kile ulichotenga. Juu ya nini sehemu ndogo? Hapa njo hesabu inaingia.

Hesabu ya kufilisika

Tuchukue muchezo mwepesi kuliko pokeri. Kila mara unaweka kipande kimoja. Unashinda kimoja ao unapoteza kimoja. Wewe ni muchezaji muzuri: unashinda mara 55 kwa 100. Unaendelea kucheza bila kuacha. Je, hatari ya kufika siku moja ku sifuri ni gani?

Ukianza na kipande 1: karibu 82 kwa 100.
Ukianza na vipande 2: karibu 67 kwa 100.
Ukianza na vipande 5: karibu 37 kwa 100.
Ukianza na vipande 10: karibu 13 kwa 100.
Ukianza na vipande 20: karibu 2 kwa 100.
Ukianza na vipande 30: chini ya 1 kwa 100.

Hakuna uchawi ndani. Gawanya 45 kwa 55, unapata karibu 0.82. Kama una vipande 5, andika 0.82 mara tano na uzizidishe zote pamoja: 0.82 × 0.82 × 0.82 × 0.82 × 0.82. Unafika karibu 0.37. Fanya mu simu yako, utaona.

Rudia ile orodha polepole. Muchezaji ni yule yule, na akili yake ni ile ile. Kilichobadilika ni idadi ya vipande tu. Mwenye kipande kimoja anafilisika karibu kila mara, hata kama anajua kucheza. Mwenye vipande 20 karibu hafilisiki. Mimi nilikaa na dola 40 ku meza ya dola 20: vipande viwili. Ilikuwa sawa na kwenda shambani na punje mbili.

Lakini kuna sehemu ya pili ya hesabu hii, na watu hawapendi kuisikia. Kama unashinda mara 50 tu kwa 100, na unacheza bila kuacha na watu ambao franga yao haiishi, hatari ya kufika sifuri ni 100 kwa 100. Hata ukianza na vipande 1,000. Itachukua wakati murefu, lakini utafika. Na kama unashinda chini ya 50, utafika haraka zaidi. Kapitali inamulinda muchezaji muzuri asiuawe na bahati mbaya. Haimugeuzi muchezaji mubaya kuwa muzuri. Mbegu bora haioti ku jiwe.

Wakubwa wa pokeri wanafanya namna gani?

Chris Ferguson ni Mumarekani mwenye doktora ya informatiki. Mu 2000 alishinda mashindano makubwa ya World Series of Poker huko Las Vegas. Mu 2006 alijipa jaribio: kuanza na sifuri mu intaneti na kufika dola 10,000. Alianza na mashindano ya bure, yale yasiyo na kiingilio. Sheria zake, ukiacha viingilio vidogo sana vya mwanzo, zilikuwa tatu:

Ku meza ya kawaida, haingii na zaidi ya 5 kwa 100 ya kapitali.
Katika mashindano ya watu wengi, halipi zaidi ya 2 kwa 100.
Akishinda mpaka franga iliyo mbele yake mezani ipite 10 kwa 100 ya kapitali yake, anasimama na kutoka.

Ilimuchukua zaidi ya mwaka, na miezi ya mwanzo alikuwa anahesabu senti. Lakini alifika. Hesabuni: 5 kwa 100 ni viingilio 20. Hapo unarudi ku ile orodha yetu. Wachezaji wengi wa leo wanaomba hata zaidi, viingilio 30 ao 50 kwa meza za kawaida, na 100 kwenda juu kwa mashindano, kwa sababu katika mashindano watu wengi wanalipa na wachache tu wanabeba. Unaweza kucheza vizuri mashindano 30 na usipate kitu.

Sasa angalieni upande mwingine. Stu Ungar alishinda mashindano yale yale makubwa mara tatu: 1980, 1981 na 1997. Ile mara ya mwisho zawadi ilikuwa milioni moja ya dola, na nusu ikaenda kwa mutu aliyemulipia kiingilio, kwa sababu Ungar hakuwa na franga ya kuingia. Mwaka uliofuata, 1998, alikutwa amekufa katika hoteli ya bei rahisi Las Vegas, karibu bila kitu. Madawa ya kulevya yalikuwa ndani ya habari yake, siwezi kuficha. Lakini hata mbele ya hapo, franga yake ilikuwa inaingia na kutoka yote kwa mara moja. Wengi wanasema hakuna aliyemupita kwa akili ya karata. Akili haikumutosha.

Na Ferguson mwenyewe? Mu 2011 tovuti ya Full Tilt Poker, ambayo alikuwa kati ya viongozi wake, ilishindwa kurudishia wachezaji franga zao. Waendesha mashitaka wa Marekani walisema franga za wachezaji hazikutengwa na franga za kampuni. Yeye alimaliza kesi yake kwa mapatano, bila kukiri kosa. Sitaji jambo hili kwa kumucheka. Nalitaja kwa sababu linaonyesha fasi ambapo shida inaanzia: pale franga ya watu na franga ya muchezo vinalala mu mufuko mumoja. Koti langu lilikuwa dogo, lakini ugonjwa ulikuwa ule ule.

Franga ya nyumba

Kuna mududu mwingine anayekula polepole. Mu chumba chetu, kila mara franga ya katikati ya meza ilipopita dola 10, mwenye chumba alitoa franga 500, ya umeme na ya kahawa. Hatukuona kama ni kitu. Lakini usiku mumoja ungeweza kuwa na mara 30 za namna hiyo: franga 15,000, zaidi ya dola 5. Meza nzima, sisi sita pamoja, tulitoka maskini kuliko tulivyoingia. Mu intaneti ni vile vile, ila kule mashine njo inatoa na hauoni mukono wake. Kwa hiyo anayeshinda wenzake kidogo tu anaweza bado kuwa mwenye kupoteza. Ile 52 yako kwa 100 inashuka chini ya 50, na hapo unajua orodha inasema nini.

Kisha usiku ule wa bahasha nilifungua simu yangu. Kila posho nilikuwa naandika niliingia na ngapi na nikatoka na ngapi, lakini sikuwa nimejumlisha hata siku moja. Nilikumbuka tu zile siku za kushinda. Nikajumlisha siku 61, bila kuhesabu ule usiku. Jumla ilikuwa dola 71 za kupoteza. Nikitoa sehemu ya mwenye chumba, nilikuwa mutu wa katikati tu, karibu sawa. Miaka miwili nilijiita muchezaji muzuri. Kwa mutu kama mimi, ile orodha ya vipande haikuwa na musaada: jibu lilikuwa 100 kwa 100 fasi zote.

Kama bado unataka kucheza

Sitasema acha, kwa sababu wengine kati yenu wanacheza vizuri kuliko mimi. Nasema fanya haya matano, na uyafanye kwa ukweli.

1. Tenga. Weka kapitali ya muchezo mu bahasha yake, ao ku namba nyingine ya simu. Ukienda ku meza, beba kiingilio cha siku ile tu. Kingine chote kibaki nyumbani, na cha watu kikabidhiwe mutu mwingine.

2. Hesabu viingilio mbele ya kukaa. Chini ya 20, meza ile haiko yako. Kwa mashindano, ngojea ufike 100.

3. Kubali kushuka. Kapitali ikipungua, nenda ku meza ndogo. Hapa njo vijana wengi wanakufa, kwa sababu ya haya. Jana ulicheza ya dola 5, leo wenzako wanakuona ku ya dola 1. Wacha wakuone. Mukulima ambaye mvua imemupunguzia mbegu analima shamba dogo, haombi musamaha kwa mutu.

4. Andika kila siku, na ujumlishe kila mwezi. Kichwa kinakumbuka ushindi, daftari linakumbuka yote. Kama kisha miezi mingi jumla ni ya kupoteza, daftari limekwisha kukujibu.

5. Usijaze tena. Kapitali ikifa, imekufa. Usiongeze kutoka franga ya chakula, usikope, usiuze kitu cha nyumba. Siku unaijaza kutoka fasi nyingine, haiko kapitali tena, ni kidonda.

Sasa tupige hesabu yetu sisi, wenye diploma mu mukono na kazi ya leo kwa leo. Meza ya dola 2 inaomba dola 40 mpaka 60, ambazo zikipotea zote, nyumbani hakuna atakayejua tofauti. Nani kati yetu anazo? Kwa wengi, hesabu ikifanywa kwa ukweli, jibu la kwanza la hesabu ya kapitali ni hili: bado haufai kukaa. Hiyo haiko aibu. Sisi siku hizi tunacheza na punje za maharagi. Muchezo ni ule ule, kelele ni ile ile, na asubuhi maharagi yanaingia ku chungu.

Kilichofuata

Siku iliyofuata nilipanda gari mpaka Walungu. Mama alikuwa anageuza bugali. Nilimwambia yote. Hakupiga kelele. Aliniuliza neno moja tu:

"Ulicheza na yako ao na yetu?"

"Na yenu, mama."

Alinyamaza mpaka bugali ikaiva. Kiisha akasema: "Basi utaenda kuwaambia wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nikasimama mbele ya wamama 12. Nilifikiri watanitukana. Mama mumoja muzee, ambaye nilikuwa nimemufundisha kupanda kwa mistari, akanitazama na kuuliza: "Enjenyere, na mvua nayo itatungojea?"

Niliuza simu, nikabeba muchanga fasi wanajenga, nikapima mashamba ya watu. Zile dola 80 zilirudi kisha wiki tatu. Hakuna mama aliyepoteza hata franga moja, ukihesabu franga. Lakini walipanda wiki tatu nyuma ya majirani, na mahindi ya kuchelewa njo viwavi jeshi vinapenda. Wakati wa mavuno nilipita katikati ya mashamba mawili, la jirani na la mama. Mimi nimesoma agronomia, sikuhitaji kupima ili nijue tofauti.

Kwa hiyo, ndugu yangu, dada yangu, mbele ya kujifunza namna ya kuhesabu karata, jiulize lile swali la mama. Ni yako, ao ni yetu? Kama ni yako, fuata zile hesabu. Kama ni yetu, simama mbele hawajagawa karata.